Severina na Paka wa Kumi na Saba

Siku Severina Mhongole alipofika kituoni kwa mara ya kwanza, alibeba ndoo yenye kuku watatu waliokufa, na alikuwa amekuja kugombana.

Kituo chenyewe kilikuwa ng'ambo ya Kalenga, nje kidogo ya Iringa, kwenye shamba la zamani la tumbaku lililokaa miaka mingi bila mwenyewe. Wanakijiji walijua tu kwamba mle ndani wanazalishwa paka pori ili warudishwe porini, na kwamba msimamizi ni daktari wa wanyama, mwanamke kijana kutoka Mbeya aitwaye Ikupa Mwaisumo. Severina alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, mkulima wa nyanya na mahindi, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia, na mtu ambaye akianza kuongea, hata wenye haraka walitua mizigo yao wasikilize. Njia nzima alikuwa akijipangia maneno.

“Kamwene, Daktari,” alisalimu kwa Kihehe, akaitua ndoo. “Paka wako wamenimalizia kuku. Sasa mimi na wewe tunafanyaje?”

Ikupa hakubisha. Aliinama, akageuza shingo ya kuku mmoja, akaitazama kwa makini.

“Mama, aliyefanya hivi ni mbwa. Ona matundu ya meno yalivyoachana. Paka wangu ni wadogo, tena hakuna aliyetoka. Lakini usiniamini kwa maneno tu, njoo uwaone.”

Alimpeleka kwenye ukuta wa mbao wenye kitundu cha kuchungulia. Severina akatia jicho. Juu ya gogo alikaa paka mwenye rangi ya nyasi kavu, miguu mirefu kuliko ya paka wa nyumbani, masikio mekundu kwa nyuma, na mkia wenye pete nyeusi. Alikuwa akimvizia panzi. Hakutikisika hata kidogo. Severina naye alijikuta hatikisiki, na yale maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkauka mdomoni.

Pale pale ukutani Ikupa alimweleza kwa kunong'ona. Paka pori wanazaana na paka wa majumbani, na kila kizazi kinachopita wale wa damu safi wanazidi kupungua. Kituo kiliwatafuta waliobaki, kikawapima damu, kikawazalisha. Watoto wakifika miezi minane walipelekwa mbali na vijiji na kuachiwa.

“Natafuta mtu wa kuwalisha,” Ikupa alisema walipokuwa wanarudi getini. “Ila kazi yenyewe ni ya kukaa kimya. Ungeweza?”

Severina alicheka mpaka akashika kiuno. “Mimi? Kanisani wananiita redio!”

Jumatatu iliyofuata akaanza kazi.

Masharti yalikuwa makali. Mlishaji alivaa koti la kijani na kitambaa usoni. Chakula, panya na vifaranga vya kware, kilisukumwa kwa bomba lililopita ukutani, ili paka wasijue kwamba shibe inatoka kwa mtu. Hakuna kuongea karibu na mabanda. Hakuna kumshika mtoto ila kwa amri ya daktari. Hakuna kuwapa majina. Kila mmoja alikuwa na namba. Tena mara moja kwa wiki mlinzi wa kituo, mzee Sifaeli, alipita kati ya mabanda akiwa na mbwa wake na debe tupu, akiligonga kwa fimbo kwa nguvu zake zote, ili watoto wajifunze kwamba binadamu na mbwa ni wa kukimbiwa.

Kwa miaka minne Severina alifuata masharti hayo bila kosa. Majirani walishangaa. Ndugu zake walidhani anaumwa, maana hata nyumbani maneno yalimpungua. Yeye mwenyewe aliona fahari. Aliwajua paka wale mmoja mmoja kwa michirizi ya miguu na pete za mkia, na Ikupa akitaka kuhakikisha kitu alimwita yeye kwanza.

Kisha ukaja ule mwezi wa Julai wa baridi kali. Paka jike alizaa watoto watatu, na wa mwisho, Namba Kumi na Saba, alikuwa dhaifu. Alipotimiza wiki tatu mama yake alimsukuma nje ya kiota na hakumrudisha tena. Ikupa alikuwa Mbeya kumzika babake. Kwa simu alielekeza mtoto awekwe kwenye sanduku la taa ya joto na anyweshwe maziwa kwa bomba la sindano, bila kuongeleshwa. Severina akafanya hivyo. Usiku huo huo umeme ukakatika Kalenga nzima, na haukurudi kwa siku sita.

Alijaribu chupa za maji ya moto. Zilipoa kabla hajamaliza kuzipanga. Asubuhi mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa, pua imekuwa baridi. Severina alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua vifungo vya sweta, akamweka kifuani, juu ya ngozi yake, akafunga.

Siku sita alimlea hivyo. Alipika naye, alifagia stoo naye, alisali rozari naye. Kutoongea na kiumbe kinachopumua kifuani pako kulimshinda. Alimwita Binti. “Binti, kunywa. Binti, usinifie mikononi, mwenzio nitamwambia nini daktari?” Siku ya tatu mtoto alianza kukoroma kwa raha kila aliposikia sauti yake. Siku ya sita umeme ulirudi, naye akamrudisha kwa wenzake, na mama yake akampokea. Kwenye daftari la kituo Severina akaandika: *Kumi na Saba alipewa joto kwa chupa. Amepona.*

Ikupa aliporudi alisoma, akamshukuru. Severina aliitikia shukrani ile akitazama chini.

Kuanzia hapo alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Hakunong'ona tena hata neno moja. Lakini Kumi na Saba alizitambua hatua zake. Wenzake walingoja chakula kidondoke, yeye alikuwa tayari mdomoni mwa bomba kabla Severina hajafika. Na mzee Sifaeli alipogonga debe, wale wawili walitoweka vichakani papo hapo. Kumi na Saba alisimama kidogo, akatazama, ndipo akaondoka. Severina alijiambia kwamba ni ushujaa tu.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, wote watatu walivishwa kola zenye redio, wakapelekwa Chunya, wakaachiwa kwenye msitu wa miombo kaskazini ya Makongolosi. Kijana mmoja wa huko, Saulo, aliajiriwa kuwafuatilia kwa pikipiki na antena. Kila wiki alipiga simu, na kila wiki habari zilikuwa njema: wanatembea, wanawinda, kila mmoja na upande wake.

Mwezi wa nane alipiga simu siku isiyo yake.

“Daktari, kola ya Kumi na Saba imekaa sehemu moja siku kumi na moja,” alisema. “Na sehemu yenyewe ni kambi ya wachimbaji.”

Severina alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya chakula. Alisikia kila neno. Ikupa alikata simu, akasema, “Wamemuua. Wamemuua na kola wameitupa. Mama Severina, jiandae, twende wote. Wewe unamjua kwa mkia. Tukikuta ngozi, wewe ndiye utakayeniambia kama ni yeye.”

Walitoka Iringa alfajiri, wakapita Mafinga na Makambako bila kusimama kula, wakalala Mbeya kwa mama yake Ikupa. Kesho yake walipanda milima kuelekea Chunya, na kabla ya saa sita mchana walikuwa Makongolosi. Saulo aliwangoja barabarani na pikipiki yake. Njia nzima Severina alikuwa akijiandaa kuona ngozi. Alijiambia kwamba ataitazama mara moja, aseme ndiyo, arudi garini.

Kambi ilikuwa na vibanda vya turubai na mabati, karasha mbili za kusagia mawe zikinguruma, na vumbi jeupe lililotua juu ya kila kitu. Saulo aliinua antena, akaizungusha taratibu. Mlio ukakolea. Walifuata mlio ule, wakapita wanaume waliokuwa wakiponda mawe, mpaka kwenye kibanda cha mama lishe. Mwenyewe, mwanamke mnene mwenye kanga kichwani, alikuwa akisonga ugali.

“Karibuni, wali haujaiva, ugali upo,” alisema. Kisha akaiona antena. “Ninyi ni wa serikali?”

“Hapana, mama,” alisema Ikupa. “Sisi ni wa paka. Kuna paka alikuwa na mkanda shingoni…”

“Huyu wa kwangu?” Mwanamke yule aliacha mwiko ndani ya sufuria. “Mimi sijamwiba! Alikuja mwenyewe tangu mwezi wa tano, anakula anaondoka, juzi juzi tu ndiyo ametulia. Waulize hawa wote. Mimi Yudith siibi paka wa mtu.”

Severina alidhani amesikia vibaya. “Unasema yupo? Yuko hai?”

“Hai? Huyo ananimalizia dagaa!”

Yudith aliinua pazia la gunia nyuma ya jiko. Juu ya viroba vya unga, ndani ya boksi la sabuni, alilala Kumi na Saba, kola shingoni, amenenepa, manyoya yanang'aa. Na tumboni mwake walikuwa wakinyonya watoto wanne.

Watoto wawili walikuwa na rangi ya majivu. Wa tatu alikuwa mweusi tii. Wa nne alikuwa na mabaka meusi na meupe, na soksi nyeupe miguu yote. Paka pori hawazai mtoto mweusi wala mwenye soksi nyeupe.

“Baba yao yule pale,” Yudith alisema, akimwonyesha dume la mabaka lililolala juu ya tenki la maji. “Kambi hii watoto wote ni wake.”

Ikupa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Severina alikuwa amejiandaa kuona kifo. Hiki alichokiona hakujiandaa nacho. Kazi nzima ya kituo, vipimo, mabomba, debe la Sifaeli, miaka yake ya kufunga mdomo, vyote vilikuwa vimelala ndani ya boksi la sabuni na soksi nyeupe.

“Lazima tuwachukue wote, leo,” Ikupa alisema hatimaye, sauti ikiwa chini sana. “Wakikua wakaingia msituni, tutakuwa tumepeleka wenyewe kile tulichokuwa tunakizuia.”

Alinyoosha mkono wenye glavu. Kumi na Saba akamfokea, akaruka, akapanda ukuta, akajibana kwenye kona ya paa, juu kabisa, masikio yamelala. Saulo alileta mtego wa kizimba, wakautia dagaa. Walingoja saa nzima. Paka hakushuka, alikuwa ameshiba. Yudith alimwita kwa kugonga sahani, akatazamwa tu. Wachimbaji wakaanza kujaa mlangoni kutazama, na upande wa juu bati lilikuwa limeachia, mwanya unaotosha paka kupita. Nje ya mwanya ule ulianza msitu.

“Nitampiga sindano ya usingizi,” alisema Ikupa, akifungua mkoba wake. “Ni mdogo. Dozi ikizidi kidogo atakufa. Akianguka kutoka kule pia atakufa. Lakini akitoka pale hatutampata tena.”

Severina alikuwa amesimama nyuma ya wote, kitambaa usoni kama kawaida yake. Alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemuuliza, leo wala kesho. Alimtazama daktari akivuta dawa kwenye sindano.

Akashusha kitambaa.

“Binti,” alisema. “Binti, shuka mama. Njoo.”

Masikio mekundu yakainuka. Paka aligeuza kichwa, akatafuta, akamwona. Alishuka ukutani kwa hatua tatu, akapita kati ya miguu ya Ikupa bila kumtazama, akaja mpaka kwenye gambuti za Severina. Akajisugua ubavu wa kushoto, akajisugua wa kulia. Akaanza kukoroma. Kelele za karasha zilikuwa pale pale, lakini kila mtu ndani ya kibanda aliusikia ule mkoromo.

“Kumbe ni wa kwako!” alisema Yudith.

Severina aliinama, akamnyanyua, akamtia kwenye kizimba, akafunga mlango. Ndipo alipothubutu kumtazama Ikupa. Daktari alikuwa bado ameshika sindano, macho yamemtoka.

“Amekujuaje?” aliuliza. “Mama Severina. Huyu paka amekujuaje?”

Severina alisema yote, pale pale, mbele ya Yudith na Saulo na wachimbaji: umeme, chupa, sweta, jina, uongo wa daftarini. Alisema kwa sentensi fupi, yeye ambaye zamani habari ya kwenda kisimani ilimchukua nusu saa. Alipomaliza hakulia. Alishangaa kwamba hakulia.

Walipakia kizimba na boksi la watoto, wakaondoka. Walipita Makongolosi kimya, wakapita Chunya kimya. Katikati ya milima Ikupa akaegesha gari pembeni ili wawape wanyama maji. Alimimina maji kwenye kisahani, akabaki amechuchumaa nyuma ya gari.

“Niliona,” alisema.

“Uliona nini, Daktari?”

“Sifaeli alipogonga debe. Wenzake walikimbia, yeye akasimama. Niliona mara ya kwanza, nikaona na mara ya pili. Mtoto asiyeogopa mtu haachiwi. Hilo sharti nililiandika mimi. Lakini siku ya kuwaachia ilikuwa imeshapangwa, wageni wamealikwa, gari limekodiwa. Nikaweka tiki. *Amefaulu.*” Aliinua uso. “Nilidhani ni mimi peke yangu ninayebeba hili. Na nimekuja huku nikikuomba uje kuitambua ngozi, huku moyoni najua kwamba kama ameuawa na watu, ni mimi niliyempeleka kwao.”

Severina alishika mlango wa gari. Mshtuko wa kibandani ulikuwa bado haujamtoka, na sasa huu. Miaka yote alimwona mwanamke huyu kama mtu asiyekosea, ndiyo maana alimwogopa kiasi cha kumdanganya.

“Sasa tunafanyaje?” aliuliza.

“Tunaandika. Wewe yako, mimi yangu. Karatasi moja.”

Waliandika. Wafadhili wa kituo walikasirika, na walikuwa na haki. Kuachia paka kulisimamishwa mwaka mzima. Ikupa alipewa onyo la maandishi. Kumi na Saba alibaki kituoni kuwa mzazi, maana damu yake ilikuwa safi ingawa tabia ilikuwa imeharibika; hakuruhusiwa kurudi porini tena maisha yake yote. Watoto wake wanne walifungwa kizazi, wakarudishwa Makongolosi, na Yudith aliwapokea kwa shangwe kwa sababu panya walikuwa wameshaanza kutoboa viroba vyake.

Severina aliondolewa mabandani. Alipewa kazi ya stoo, kupima na kukatakata chakula ambacho mtu mwingine angekisukuma bombani. Banda la Kumi na Saba lilikuwa mita hamsini kutoka dirisha la stoo. Alikatazwa kulisogelea, na hakulisogelea. Siku za kwanza hilo lilimuuma kuliko onyo lolote.

Mwaka ule ule Ikupa alimtuma kwenye kambi za Chunya pamoja na daktari wa kuhasi paka, ili wa majumbani wasizae tena na wa porini. Daktari yule alikuwa mpole mno, na wachimbaji walimkatalia. Walisema akihasi madume yao yatakuwa mavivu. Severina aliingia kambi moja baada ya nyingine, akakaa kwenye mabenchi ya mama lishe, akaongea. Aliongea asubuhi hadi jioni. Aliwasimulia habari ya boksi la sabuni na hakujificha, hata pale ambapo yeye ndiye mkosaji. Walimcheka, wakamuuliza maswali, kisha wakaenda kuwaleta paka wao kwenye magunia. Dume la mabaka lilikuwa la kwanza, na lilimng'ata mkono.

Mwaka uliofuata watoto wanne wapya wa kituo walikuwa tayari kuachiwa. Ikupa alimwita Severina ofisini, akamwambia anaweza kuja, ila asimame nyuma ya gari, mbali, na darubini.

Walisimama wote wawili msituni kule Chunya, kama mita mia mbili kutoka kwenye vizimba. Saulo alivuta kamba ya kufungua milango. Watatu walitoka kama risasi, huwaoni. Wa nne alibaki. Severina aliona kupitia darubini kichwa kidogo kikitokeza, kikageuka huku na huku. Kile kichwa kikatazama upande wa gari. Paka aliwaona.

Alirudi nyuma, manyoya yakamsimama mwili mzima, akaruka juu ya kizimba, akapotea kwenye nyasi upande wa pili, akikimbia bila kugeuka, kwa hofu tupu.

“Ametuogopa,” alinong'ona Ikupa, amemshika Severina mkono kwa nguvu.

“Ametuogopa kweli,” Severina alisema, na hapo ndipo alipolia.

Kufikia mvua za mwezi wa tatu, kola ya mmoja ilinyamaza na haikujulikana kwa nini, na mwingine alikutwa amekufa kando ya barabara ya malori. Wawili wanaendelea kutembea, mmoja kaskazini, mwingine kuelekea machweo. Saulo hupiga simu kila Ijumaa, na Severina huacha kisu juu ya meza ya stoo, akafuta mikono, akaja mlangoni kusikiliza.